Mazimwi ya Kaka Fransisi

Harufu ya masizi yaliyolowa maji hunirudisha jikoni kwa bibi, kijijini Ntalikwa, kiangazi kile ambacho kaka yangu Fransisi alikuwa akifinyanga mazimwi. Shule yangu iliishia darasa la pili, kwa hiyo mnivumilie nikizungukazunguka. Mazimwi yenyewe yalikuwa madogo kama kidole gumba, ya udongo wa kichuguu, kila moja na mzigo kichwani, pembe ya ndovu au jora la nguo. Babu alikuwa ametusimulia habari za wapagazi waliopita kwetu wakienda Ujiji na kurudi pwani, Fransisi akaona binadamu hawanogi, bora mazimwi. Rangi zilikuwa za kuokoteza: udongo mwekundu, udongo wa njano wa kisimani, na kahawia ya magome yaliyochemshwa. Bluu hatukuwa nayo, na kijani alikikataa mwenyewe, eti kinalipoza zimwi. Akishapaka, analipitishia zimwi zima maji ya masizi, kisha anafuta kwa kitambaa, uchafu unabaki kwenye mikunjo, halafu anagusagusa njano puani na magotini. Utadhani limetembea kweli. Nilipomuuliza kwa nini analichafua, akacheka: "Zimwi lililooga la nini, Sesi? Linakwenda kusali?" Macho aliyaweka mwisho, kwa ncha ya mwiba.

Sasa, macho yake mwenyewe yalikuwa yakimsumbua tangu mdogo. Alfajiri yanaamka yamegandana, mama anayaosha kwa maji ya chumvi. Shangazi aliyekuwa ananyonyesha alimkamulia maziwa machoni. Kiangazi kile kope zikageukia ndani, zikawa zinamkwaruza, akaanza kupaka njano mahali pa nyekundu, nami namwambia pamependeza. Bibi, Mmoraviani asiyekosa ibada, akaogopa. Kwetu bibi humwita mjukuu wa kiume mume wake, kwa utani, ila siku hiyo utani haukuwepo.

"Mume wangu, hayo madude umeyagawia macho yako. Yatoe hayo macho."

"Yote, bibi?"

"Yote. Usibakize."

Tukakaa nyuma ya jiko, mimi namkabidhi moja moja, yeye anatafuta uso kwa kidole na kukwangua kwa kisu. Hakulia. Aliuliza tu, "Sesi, limebaki jicho?" Nikasema halijabaki. Asubuhi alitoka nje akaelekeza uso kwenye jua, nasi wote tumesimama, mama na beseni lake mkononi.

"Unaona nini?" bibi akauliza.

"Mwanga tu, bibi. Ule ule wa jana."

Bibi akatafuta pa kukaa. Watu wazima wote niliowategemea walisimama pale uani wakitazama chini, mpaka mama akamwaga yale maji akaingia ndani.

Mwaka huu mjukuu wangu naye kaamka macho yamegandana. Nikampeleka zahanati, nesi akamfunua kope, akasema ni vikope, visipotibiwa hugeuza kope ndani, akatupa dawa ya tyubu. Basi. Sasa hivi anakimbiza kuku. Fransisi ninaishi naye hapa, mzee tayari, anasuka kamba za vitanda kwa kupapasa.

"Mtoto kapona?" aliniuliza juzi.

"Kapona, kaka."

"Mlimpa nini?"

Tyubu ilikuwa mfukoni mwangu, hata nusu yake haijatumika. "Dawa tu ya zahanati."

"Ilichukua muda?"

"Haikuchukua."

"Afadhali yeye," akasema, akaniomba nimsogezee katani.