Maharage Yaliyooza Mwakiro

Naikumbuka siku moja kule Mwakiro, mwanangu, kuliko hata ile ya Gitega waliponivisha nishani na kunitaja mbele za watu: profesa wa kilimo aliyewatumikia wakulima. Nishani niliipenda, sitakudanganya. Ila bila Mwakiro nisingeipata.

Nilikuwa nimerudi nchini kwetu kutoka Tanzania, nilikokulia, na chuo nimekimaliza juzi tu. Nikatumwa Muyinga, huko Mwakiro, kujaribu mbegu mpya ya maharage. Kichwa kilikuwa kimenivimba, hata kofia ilikaa kwa taabu.

Shamba nililopangiwa lilikuwa la bibi mmoja, Daforoza. Yeye alipanda kama mama yake: maharage mekundu, ya njano, meusi na yenye madoadoa, yote pamoja. Mchanganyiko huo alikimbia nao vita akiwa ameufunga kwenye kitenge, akaupanda kambini miaka yote ya ukimbizi, akarudi nao nyumbani. Mimi nikauita vurugu. Nikaomba nusu ya shamba, nikapanda mbegu yangu peke yake, mistari imenyooka. Ujuzi hauzeeki, walisema wahenga, lakini mimi niliona wake umezeeka kabisa.

Mvua ikanyesha kupita kiasi. Mizizi ya maharage yangu ikaoza, nusu shamba ikalala. Upande wake mekundu yalikufa pia, lakini meusi na yale ya madoadoa yakasimama, na watoto wakala. Niliona aibu. Zaidi ya aibu niliogopa, maana taarifa mbaya ingeweza kuninyima kazi. Nikaketi mlangoni kwake, nikaandika kwamba jaribio halikukamilika kwa sababu ya mvua.

Bibi akataka kujua nimeandika nini. Nikamsomea.

"Iyo si kweli," akasema taratibu. "Mvua ilinyeshea sisi wote. Mi nilikupa nusu ya chakula ya watoto. Ukificha zile zilikufa, mwaka kesho mwengine ataleta mbegu ile ile kwa jirani. We utamwambia nini?"

Nikaichana karatasi, nikaandika upya: mbegu yangu imekufa, yake imepona, sijui kwa nini. Mkubwa wangu kazini alininunia msimu mzima. Lakini hiyo "sijui kwa nini" ndiyo niliyoichunguza maisha yangu yote, na kila msimu nilirudi Mwakiro kumuuliza bibi.

Siku ya Gitega nilimwalika, akakaa mbele. Makofi yalipoisha akachukua kitabu cha utafiti wangu. Kusoma hajui, akakipima tu mkononi.

"Zile zilikufa, iko humu ndani?"

"Ziko ukurasa wa kwanza, bibi."

"Basi hii nishani ni yako," akasema. Nikalia mbele ya wakubwa wote, wala sikuona haya.

Mwanangu, unaingia chuoni mwaka huu. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Kilichooza andika kimeoza, utaje na shamba la nani. Kabla hujamfundisha mkulima, muulize kwa nini anafanya anavyofanya, halafu nyamaza umsikilize. Sifa zije au zisije, wewe uwe umesema kweli.

Mungu akupe kuona kosa lako ungali kijana, na asikunyime mtu wa kukuuliza umeandika nini.