Atalala ao Atasimama?

Haya niliyaona kwa macho yangu, akili zikiwa timamu. Mimi ni mzee wa kanisa hapa Uvira, na sina faida yoyote ya kuwatungia hadithi. Anayetaka kucheka acheke, lakini kwanza anisikilize.

Kitinda mimba wangu, Amani, alikuwa anajiundia ordinateri, yaani kompyuta, ya michezo, ile mikubwa ya vijana ya kukimbiza magari kana kwamba ni kweli. Vipande vyake alivinunua kimoja kimoja Bujumbura, akavifunga katika blanketi kama mtoto mchanga. Kilichokosekana kilikuwa nyumba ya kuvitia. Yeye aliita buatie. Mimi na mama yake tulisema sanduku tu. Na hapa kwetu mnajua sanduku ni nini kingine: ni lile tunalozikwa nalo.

Siku moja rafiki yake alimpigia simu kwamba mfanyabiashara anashuka leo bandarini Kalundu na mabuatie, na kesho anaendelea na safari. Amani alikuwa amelala na malaria, jasho limelowesha godoro. Akataka kuamka.

"Lala," nikamwambia. "Nitakuendea."

"Papa, weye utajua kuchagua?" Alicheka kwa midomo mikavu. "Utaniletea kabati ya sahani."

"Nifundishe basi."

Akamwomba mama yake kamba, akaipima kwenye kadi ya video, kile kipande kirefu kuliko vyote, akaikata. "Sanduku isikuwe fupi kupita hii. Na ikuwe na matundu mbele ya kuingiza hewa. Joto ya Uvira itaiua."

"Mashine inataka hewa kuliko muntu!" mama yake akasema, akimpangusa paji la uso.

Kutoka vidoleni, kamba yenyewe haikufika hata kiwiko changu.

Milima yetu iko upande wa magharibi, kwa hiyo kivuli huteremka mjini mapema, wakati ng'ambo ya ziwa milima ya Burundi ingali na jua. Nilifika Kalundu katika kivuli hicho. Karibu na maseremala waliokuwa wakifunga kazi, mlango mmoja ulikuwa wazi. Ndani aliketi mtu mwenye shati jeupe, vifungo vimefungwa mpaka shingoni. Nyuma yake, gizani, niliona masanduku meusi yamepangwa.

"Karibu, mzee. Unatafuta nini?"

"Natafuta sanduku."

"Pole sana, mzee."

Nilidhani ni pole ya safari. Nikashukuru.

"Uko na kipimo?"

Nikamwonyesha kamba. Akashika ncha moja.

"Atalala ao atasimama?"

Nilikwisha kuona mashine za kulala juu ya meza na nyingine za kusimama. "Atasimama," nikajibu. Mbona nilisema hivyo, kana kwamba tunazungumzia mtu? Yeye ndiye aliyeanza, ulimi wangu ukafuata.

"Hapa kwangu wote wanalala."

"Basi alale. Ila apate matundu, yuko na joto sana."

"Joto itamwisha leo." Alisema kwa upole, kama muuguzi. "Na kioo? Wengine wanapenda kioo hapa juu, ndugu wamuone mara ya mwisho."

"Kijana wangu hataki kioo."

"Kijana," akarudia taratibu, na akaanza kuvuta kamba.

Niaminini, ndugu zangu. Kamba ile fupi iliendelea kutoka mkononi mwangu. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, nayo ikatoka tu, ya moto na yenye unyevu kama lile godoro la mwanangu, mpaka ikawa na urefu wa Amani akisimama. Ndipo nilipoelewa. Kwetu mtu akifariki, mwili wake hupimwa kwa kamba, na kamba hupelekwa kwa seremala. Nilikuwa nimemwacha mgonjwa nyumbani, nikaja na kamba kuomba sanduku!

Mtu yule alichovya brashi katika rangi nyeupe. "Niandike jina ya nani?"

Jina lilikuwa limekwisha kufika mdomoni. "A..." nikasema, na kwa neema isiyo yangu ikawa, "Asante, Bwana Yesu."

Brashi ikasimama hewani.

"Huyo hakai mu sanduku," akasema.

Nikavuta kamba kwa nguvu zangu zote. Ikakatika, kipande kidogo cha urefu wa unyayo kikabaki kwake. Nilitoka mbio, nikamgonga seremala mmoja barabarani.

"Mzee, unakimbia nini?"

"Mtu yule wa mlango huu!"

"Mlango gani? Hiyo nyumba ziwa liliiingilia. Hakuna muntu mule."

Nikageuka. Maji yalikuwa yametulia ndani, yanafika magotini. Viatu vyangu vilikuwa vikavu.

Nyumbani nilimkuta Amani ameketi, anakunywa uji. Mama yake alisema mwili wa kijana ulikuwa umepoa mpaka yeye akaanza kumlilia, kisha ghafla kijana akavuta pumzi. Mfanyabiashara wa kweli alifika siku iliyofuata. Mashua yake ilichelewa. Sikukubali mtu yeyote aende kwake.

Namshukuru Mungu, mwanangu anaishi. Lakini mguu wake wa kushoto, kutoka kifundo kushuka, haujapata joto tena. Anavaa soksi hata mchana wa jua kali. Mashine yake imefungwa kwa skrubu juu ya ubao ukutani, uchi, ventilateri za kuipooza zinazunguka wazi. Vijana wanaokuja kucheza humtania kwamba ameunda mifupa. Anawajibu, "Papa hataki."

Nanyi, mkiwa na mgonjwa nyumbani, msimtume mtu na kamba. Na mtu msiyemjua akiwauliza jina la aliye kitandani, nyamazeni, hata akiwaona hamna adabu. Sisi tumelelewa kumjibu kila anayetuuliza kwa upole. Wako wanaoketi mlangoni wakingoja upole huo.