Aidha ya Mama

Kuna neno moja ambalo nimelikata kwa kalamu nyekundu tangu nianze kufundisha Kiswahili hapa Nakuru, na kila muhula linarudi likiwa na afya njema. Mwanafunzi anaandika, "Mama aliniambia nichague aidha ugali au chapati." Napiga mstari, naandika pembeni: ama ugali ama chapati. Aidha, nawaeleza darasani, maana yake ni tena, vilevile, zaidi ya hayo. Haichagui kitu, inaongeza. Huyo mnayemwandika ni either wa Kiingereza aliyejipatia kitambulisho cha Kiswahili, na afisa wa kumkamata ni mimi. Wanacheka, halafu wanaliandika tena kwenye insha inayofuata. Siwalaumu sana. Wanalisikia kanisani, wanalisikia hata kwa walimu wenzangu, na sikioni maneno hayo mawili ni pacha.

Nyumbani wanajua hasira zangu. Ndugu yangu mdogo, anayeziba pancha za malori kule Mai Mahiu, hulitumia makusudi anichokoze. Anafika kwangu mtaa wa Section 58, hajakaa vizuri, anauliza kama leo atapewa aidha nyama au maneno.

Kwetu ni Molo. Baba alitoka magharibi akaja kufanya kazi ya reli, Mama alizaliwa huko huko kwenye baridi, kati ya viazi na ng'ombe. Kila mmoja alikuja na lugha yake, basi wakakutana kwenye Kiswahili. Mama hakusoma sana. Kiswahili chake cha maana alikitoa redioni, na akiamua kukitumia unaweza kudhani anasoma taarifa ya habari.

Baada ya Baba kufariki alibaki peke yake na ng'ombe mmoja. Msimu wa baridi uliopita aliteleza kwenye tope akienda kukamua, akavunjika mkono. Jirani alimpata amekaa kando ya zizi, mkono ameukumbatia, anamlaumu ng'ombe. Kila nikilala nilimwona pale topeni akingoja mtu apite.

Tulikutana jikoni kwake Jumapili moja baada ya kanisa. Ndugu yangu alitaka ampeleke Mai Mahiu kwa sababu kuna joto na mifupa ya wazee haipendi baridi. Nilimwuliza ni mfupa gani unaopona kwenye vumbi na honi za malori. Kwangu, nikasema, kuna chumba, na hospitali iko karibu. Akasema kwangu Mama atafungiwa ndani kama kuku wa gredi, mimi nikiwa shule. Tulipandishiana sauti. Ukweli ni kwamba tulikuwa tunashindana nani ni mtoto mwema zaidi, na Mama alikuwa ameketi katikati na plasta yake mkononi, chai ikimpolea.

Mwishowe ndugu yangu akamgeukia. "Mum, amua wewe. Section 58 ama Mai Mahiu?"

Mama aliweka kikombe chini. Akatutazama, mmoja baada ya mwingine.

"Aidha," akasema.

Ndugu yangu akapiga makofi. "Umesikia? Either. Popote ni sawa. Tumemalizana."

Nami nikashusha pumzi. Sikukata neno hilo kwa kalamu yoyote, nililifurahia. Papo hapo tukapanga kwamba ataanzia kwangu, baadaye aende Mai Mahiu, na ng'ombe atachukuliwa na jirani. Mama akakiinua tena kikombe chake. Tulipomwuliza kama chai imepoa alisema ni sawa tu.

Siku ya kuhama, Jumamosi, ndugu yangu alikuja na pikapu ya rafiki yake. Ng'ombe alikuwa ameshapelekwa kwa jirani asubuhi. Tulipakia godoro, masufuria, gunia la viazi ambalo Mama alisisitiza tulibebe kana kwamba Nakuru hakuna viazi. Hakutuzuia kitu. Alikaa kwenye kiti mlangoni, redio yake ndogo mapajani ikisoma habari za saa saba, anatazama vitu vyake vikitoka. Ndugu yangu aliinama aichukue redio nayo aipakie. Msomaji wa habari alikuwa anasema mvua itaendelea kunyesha nyanda za juu.

Mama akaushika mkono wake. "Ngoja. Hajamaliza."

Na redio ikaendelea: "Aidha, wakulima wanashauriwa..."

Nilisimama na sufuria mkononi. Hivyo ndivyo alivyokuwa akimfanyia Baba. Baba alikuwa mtu wa vichwa vya habari. Akishavisikia anaenda kuzima redio aokoe betri. Mama anamshika mkono na kumwambia mtu hajamaliza, bado kuna aidha. Sisi watoto tulimtania kwa hilo tukashiba. Katika nyumba ile yote, hakuna mtu aliyewahi kumsikia Mama akisema aidha na kumaanisha popote ni sawa. Hicho ni Kiingereza, na Mama Kiingereza hana.

Nikaweka sufuria chini, nikachuchumaa mbele yake.

"Mama, ile Jumapili ulisema aidha. Ulikuwa unataka kuendelea na nini?"

Aliipunguza redio sauti kwanza.

"Mlikuwa mmesema kwako, mkasema kwake," akasema. "Nikasema, aidha, kuna hapa."

Ndugu yangu aliketi kwenye ngazi. Aliuliza, kwa sauti ya chini sana kwa mtu anayeshinda akiwapigia madereva kelele, kwa nini hakutuambia.

"Nilisema. Nyinyi ndio mlijibu."

Machozi yalinitoka na sikuyaficha. Mama akaniambia niache, plasta hailowanishwi. Kumbe alikuwa na mipango yake kamili. Binti wa jirani, aliyemaliza shule na hana kazi, alikuwa amekubali kulala pale na kukamua mpaka mkono upone. Njia ya zizini ingemwagiwa kokoto. Kwetu angekuja kutembea akitaka, aone wajukuu, arudi kwake. Alikuwa ameyapanga yote kabla hatujafika kumpangia, na yalisubiri nyuma ya neno moja.

Woga wangu wa tope haukwisha, lakini ulikuwa woga wangu. Nyumba ilikuwa yake. Ndugu yangu alinyanyuka, akafungua pikapu upande wa nyuma. Tukaanza kushusha. Viazi vilitangulia, masufuria yakafuata, mwisho godoro, yeye kashika mbele na mimi nyuma, tunajikokota mlangoni.

"Aidha," Mama akasema pale kwenye kiti chake.

Ndugu yangu alisimama ghafla hata godoro likanisukuma ukutani. Aligeuka, nami nikachungulia pembeni, na sote wawili tukamngoja amalize.

"Mrudisheni ng'ombe wangu."