Maziwa ya Asubuhi Yalivyofika Dar

Nilipanda ndege kwa sababu ya miguu ya mama yangu. Dada Veronika alijifungua Dar es Salaam, lakini Mama alikataa kwenda kumwona mjukuu. Mara ya mwisho alishuka kwenye basi miguu imevimba, akasema hasafiri tena. Dada akanikatia tiketi ya ndege, nitangulie nikaone, nirudi nimwambie. Mama alikuwa na swali moja: "Nikikamua asubuhi, nitafika kabla ya kukamua jioni?"

Kijijini kwetu Daa, alfajiri, Mama alichemsha maziwa, akayajaza kwenye chupa ya chai na kuifunga kwa kanga. "Ya mzazi haya. Usionje njiani."

Karatu mjini, ambako kazi yangu ni kuosha magari ya watalii, nilipata gari la Arusha. Kila siku nasikia watalii wakitaja ndege zao. Leo na mimi nina yangu. Nilitabasamu peke yangu hadi Mto wa Mbu, jirani yangu wa kiti akaniuliza, "Kijana, umepata mchumba?"

"Zaidi ya mchumba."

Uwanja wa ndege wa Arusha, dada wa ukaguzi aliitikisa chupa. "Nini hii?"

"Maziwa ya mzazi."

"Mkononi hayaendi. Weka kwenye begi la kupakia, na uyafunge vizuri, usije ukanyonyesha mabegi ya wenzako."

Angani, rubani alisema ni kilomita mia nne na kitu. Mawingu yalikuwa kama povu la maziwa yanapotaka kufurika. Soda yangu haijaisha, tukaambiwa tufunge mikanda, tunashuka.

Dar, mchana, nilimpigia Mama palepale. Shuleni mwalimu alitukataza kusema "lisaa limoja", na kando yangu walisimama watu waliovaa tai. Basi nikasema kwa Kiswahili safi, "Mama, ndege ni saa moja tu."

"Saa moja? Mbona huku jua liko utosini?"

Simu ikakatika.

Foleni ya kwenda kwa dada Mbagala ilinichosha kuliko anga lote. Lakini alipofungua chupa, mvuke ulimpanda usoni. Akanusa, machozi yakamtoka. "Yananukia moshi wa nyumbani," akasema. Mtoto akapiga chafya.

Nilirudi kwa basi, kutwa nzima, na magoti yangu yakanifundisha kumwonea Mama huruma.

Nyumbani Daa tena, asubuhi, nilimkuta Mama zizini anakamua. Alikuwa ameshaamua, na majirani wote wanajua: haendi.

"Ndege gani inafika saa moja usiku? Mtoto amelala, nitamwona nini?"

"Si saa moja ya usiku, Mama. Lisaa. Lisaa limoja la angani. Masaa ya barabarani ni mengine."

"Leo lisaa, juzi saa. Wewe shule ulikwenda kula uji."

Nikamweleza habari ya mvuke. Mikono yake ikasimama.

"Yalikuwa bado ya moto?"

"Veronika alipuliza kwanza ndiyo akanywa."

Aliitazama ndoo ya maziwa. Hapo nikajua kwamba safari nzima nilikuwa nabeba jibu lake begini, halafu nikampa saa.

Akainuka, akanisogezea kigoda. "Kaa hapa."

"Mimi?"

"Nikiwa Dar atakamua nani? Na usimvute kama unafungua bomba la kuoshea magari."

Nikakaa. Ng'ombe akageuza shingo akanitazama, kama yule dada wa ukaguzi.