Difu Mbili Juu ya Turubai

Mwaka 2013, mvua za kwanza zilipoanza, difu ya pikapu yetu, ile gia ya nyuma inayogawa nguvu kwa tairi mbili, ilisagika kwenye mlima wa kutokea Nyakitonto, tukiwa na magunia ya maharage ya watu. Kwenye usukani nilikuwa mimi. Mume wangu alikuwa ameacha kuendesha mwaka mmoja kabla, baada ya gari la tajiri wake kuserereka na kuingia korongoni njia ya Kibondo. Alivunjika nyonga, akalazwa hospitali ya Kabanga miezi mitatu, na alipotoka mguu wa kushoto haukuwa tena na nguvu ya kukanyaga klachi. Ikabidi nijifunze mimi. Yeye alikaa kiti cha pembeni akinikaripia kila nilipokosea gia, nami nilimvumilia kwa sababu bila gari hilo watoto wasingekula.

Mjini Kasulu fundi aliyekuwa na difu za gari letu alikuwa mmoja tu. Alikuwa mtu wa Tanga, ameoa huku, na kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko. Mume wangu hakutaka twende kwake.

"Tuagize Kigoma," alisema.

"Ifike lini? Maharage ya watu yanaota kwenye magunia."

Nilijua yeye na fundi waliwahi kufanya kazi pamoja kwa yule tajiri, mmoja dereva na mwenzake fundi wa magari ya yadi. Nikadhani kuna ugomvi mdogo wa kiume ambao hautuhusu sisi wenye njaa. Nikaenda, naye akanifuata na fimbo yake.

Fundi alitusalimia vizuri, akatandika turubai chini na kutuburutia difu mbili za mtumba kutoka Japani, kila moja na ekseli yake nzima. Bei zake zililingana, kwa hiyo hatukuwa na la kusingizia.

"Hii, shemeji, inajibana yenyewe," aliniambia. "Ndani ina pleti. Tairi moja ikizunguka bure kwenye tope, pleti zinabana, nguvu inahamia kwa mwenzake. Huna cha kubonyeza. Ila tairi ikining'inia kabisa hewani, usiitegemee sana. Hii nyingine ina loki. Ukibonyeza swichi, tairi mbili za nyuma zinakuwa kitu kimoja. Unatoka popote."

"Popote?" mume wangu aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu tufike.

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa taratibu, kidole kimoja kimoja. "Popote pa kwenda mbele," alisema. "Pa kwenda pembeni, wewe unapajua kuliko mimi."

Sikuelewa. Niliona tu shingo ya mume wangu imekakamaa.

"Chukua ya pleti," akaniambia.

"Kwa nini?"

"Nimesema chukua ya pleti."

Nilikuwa nimechoka kuambiwa bila kuelezwa. Nilichuchumaa, nikamuuliza fundi nitajuaje kama pleti za mtumba hazijaisha. Akanionyesha: zungusha upande mmoja kwa mkono, upande wa pili ufuate mwelekeo uleule. Nilizungusha, ukafuata kwa uzito. Nikazungusha tena kwa nguvu zaidi, ukasita, kisha ukageukia kinyume.

"Zimeanza kuchoka," fundi alikubali. "Sitakudanganya. Zinaweza kumaliza masika haya, zinaweza zisimalize."

"Basi ya loki," nilisema. "Anayezama kwenye tope ni mimi, baba watoto. Wewe huwa unakaa pembeni tu."

Nilisema hivyo mbele ya mwanamume mwenzake. Nilijua ninachofanya, na hata leo sijivunii. Alitoka nje akasimama barabarani mpaka ekseli ilipofungwa, swichi ikawekwa kwenye dashibodi na taa yake ndogo ya njano.

Wiki ileile tulirudi Nyakitonto. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na asubuhi udongo mwekundu uling'aa kama umepakwa mafuta. Tulipakia magunia ya mama mmoja mzee, ambaye wazazi wake walitoka Burundi zamani, na ambaye hakumwamini mtu yeyote na mazao yake. Alipanda nyuma akakaa juu ya magunia.

"Njoo ukae mbele, bibi, tutabanana," nilimwambia.

"Nakaa na maharage yangu," alijibu, akajifunika kanga.

Barabara pale inapanda ikiambaa ubavu wa mlima. Kulia kuna ukingo wa udongo, kushoto korongo, na njia yenyewe imelalia upande wa kushoto. Tulifika katikati, tairi ya nyuma ya kulia ikaanza kuzunguka bure. Gari likasimama. Nilinyoosha mkono kwenye swichi.

"Usiwashe," mume wangu alisema.

"Tutalala hapa?"

"Mama watoto, usiwashe."

Niliwasha. Taa ya njano ikawaka, nikaongeza mafuta. Kwa kitambo kidogo tulisonga mbele, nikaanza hata kutabasamu. Kisha nikahisi mkia wa gari unaondoka. Haukurudi nyuma. Ulikwenda kushoto, polepole, kama mtu anayeburuta meza sakafuni, na pua ya gari ikageukia ukingo. Nyuma, bibi alianza kuomba Mungu kwa Kirundi, kwa sauti.

"Acha mafuta! Usiguse breki! Buhoro, buhoro."

Mume wangu hakuwa na kawaida ya kusema Kiha na mimi, kwa kuwa mimi nimekulia Tabora. Alipotamka hilo la kwenda taratibu kwa lugha ya mama yake, nilijua anaogopa kuliko mimi. Niliachia mafuta. Gari lilisogea tena kidogo, kiasi cha shubiri moja, likatulia. Nilitazama kioo cha pembeni. Tairi ya nyuma kushoto ilikuwa na udongo wa upana wa kiganja pembeni yake, halafu hakuna kitu.

Nilizima swichi. Taa ya njano ikabaki inawaka.

"Haizimi," nilisema.

"Gia zimekazana ndani. Achia klachi kidogo sana, halafu ikanyage. Kidogo sana."

Niliachia, nikakanyaga. Mara ya tatu kitu kiligonga chini yetu, taa ikazimika. Akaniambia nizime injini, niache gia namba moja, nivute handibreki. Nikafanya yote. Tukawa tumekaa, mvua nyembamba ikigonga kioo.

Ndipo aliponiambia, akiangalia mbele.

"Ile siku ya Kibondo, breki hazikufeli. Loki ilikuwa imewashwa. Njia imelala hivihivi. Tairi zote mbili zikizunguka hakuna inayobaki kuushikilia mkia."

"Ulisema breki."

"Nilisema breki."

Nilimkumbuka fundi akifuta kidole kimoja kimoja. "Na yeye ndiye aliyekuwa anazitengeneza," nilisema.

"Ndiyo. Tajiri alimfukuza nikiwa bado hospitali."

Mlango wake ulikuwa upande wa korongo, kwa hiyo alipita juu ya mapaja yangu, akashuka kwa mlango wangu na jembe tuliloliweka nyuma ya kiti. Nilimwona kwenye kioo akijikokota bila fimbo, akishika bodi. Alilaza mwili kwenye tope, akachimba mfereji mbele ya tairi ya kushoto, unaoelekea juu, upande wa ukingo. Bibi hatimaye aliyaacha maharage yake. Alishukia upande salama, akawa anamletea mawe na matawi, akimwita mwanangu.

Mume wangu alirudi dirishani, uso mzima mwekundu kwa udongo.

"Loki usiiguse. Gia namba moja. Handibreki ivute nusu, uiache hivyo, kisha ongeza mafuta taratibu. Breki itaizuia ile inayozunguka bure, nguvu iende kwa mwenzake. Ikianza kupanda, usisimame mpaka ufike juu."

"Wewe ukae mbali na korongo," nilisema.

"Nitakuwa nyuma na jiwe."

"Baba watoto, kaa mbali."

Alikaa nyuma na jiwe. Niliondoa gari nikimwona kwenye kioo, na kila sentimita niliyosonga niliihesabu kwa mgongo. Tairi ya kushoto ilikamata mfereji. Gari lilinguruma, likanuka breki zilizoungua, likajisogeza kuelekea ukingoni, likapanda. Nilipofika pa tambarare nilizima injini, nikashuka. Niliketi kwenye nyasi zilizolowa. Walikuja wawili wale, wameshikana mikono, yule mzee na yule kilema, na bibi wa watu alikwenda moja kwa moja kukagua magunia.

Njia nzima hadi Kasulu nilikuwa na hasira zenye sura nyingi: kwamba alinyamaza, kwamba nusura tufe kwa kunyamaza kwake, na kwamba mimi nilimdhalilisha kwa jambo ambalo angeweza kunieleza kwa maneno machache. Tulipoingia mjini alisema, "Pitia kwa fundi." Alikuwa bado na tope mpaka kwenye nyusi.

Fundi alikuwa chini ya gari la mtu. Mume wangu alisubiri mpaka alipotoka.

"Breki zako zilikuwa nzima," alimwambia. "Nilidanganya."

"Najua," fundi alisema. "Mimi ndiye niliyetumwa kulivuta lile gari. Swichi ilikuwa imebonyezwa."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Wewe ulikuwa umelazwa na nyonga imevunjika. Nani angenisikiliza mimi?"

Mume wangu alisema atakwenda kwa tajiri kesho. Fundi hakumpa mkono wala hakumtukana. Alisema, "Nenda," akajilaza tena chini ya gari, tukabaki tunaitazama miguu yake.

Alikwenda kweli. Tajiri alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, akamwambia hayo yamepita, yadi ina fundi mwingine. Mume wangu alirudi akaniambia hivyo, akala, akalala. Fundi hakurudishiwa kazi, na sidhani kama angeitaka.

Loki tulibaki nayo hadi tulipoliuza gari mwaka 2015. Niliitumia mara nyingi kwenye tope lililonyooka, na palipolala pembeni nilitumia handibreki. Gari tulilitengenezea palepale nyuma ya soko. Miezi ya mwanzo fundi alizungumza na mimi tu, mume wangu akakaa kwenye gari. Siku moja kwenye kiangazi niliwakuta wote wawili wameinamia injini, wakibishana juu ya pampu ya maji kwa sauti za juu. Sikuingilia. Nilikwenda zangu sokoni kununua nyanya.