Serafina Aacha Kusonya

Kuua ni dhambi, kuiba ni dhambi, na Serafina Ndunguru wa Mbuji hakuwahi kuua wala kuiba. Yeye alisonya tu. Alimsonya jogoo aliyewika mapema, akamsonya na aliyechelewa. Mvua ikinyesha alisonya kwa sababu nguo hazikauki, jua likiwaka alisonya kwa sababu maharage yanakauka. Marehemu mume wake, Placidi, Mungu amrehemu, aliishi naye miaka thelathini na moja, na kwa urefu wa msonyo peke yake alijua kama chumvi imekwisha au kama kuna mgeni anapanda kilima.

Haya yangeendelea hadi kaburini kama si mjukuu wake, Asteria. Mtoto huyo wa miaka mitatu alikuwa amelelewa na bibi yake mwaka mzima, wakati mama yake, Dorothy, akimalizia chuo Songea. Januari Dorothy alikuja kumsalimu mama yake, na Jumapili wakaenda kanisani wote watatu. Foleni ya komunyo ikasogea, Serafina akiwa amembeba mtoto. Padre Wendelin akainama amchore Asteria msalaba kwenye paji la uso. Asteria akamtazama padre kuanzia viatu hadi miwani, kisha akasonya. Na haukuwa msonyo wa kitoto, jamani. Ulikuwa mrefu, umekomaa, msonyo wa mama mkwe aliyeletewa chai ya baridi. Kwaya nzima iliusikia.

Kesho yake Dorothy alifunga mizigo ya mtoto. Mume wake alikuwa mwalimu kule Lipingo, ziwani, na huko ndiko walikokwenda.

"Mama, nakupenda," alisema akiwa mlangoni. "Lakini mtoto huyu hajajifunza hili kwa kuku. Ukibadilika, Pasaka nitamleta akae na wewe likizo yote. Usipobadilika, utakuja kumwona Lipingo, siku mbili, tena mimi nikiwa nimekaa katikati yenu."

Serafina alisonya. Gari lilipoondoka akalia, na nyumba ikawa kubwa kuliko alivyoijua.

Kwaresima ilipoanza Serafina alikwenda kuungama. Yanayosemwa kwenye kitubio ni siri, na padre aliitunza. Aliyeitangaza ni Serafina mwenyewe, kwa kila aliyemkuta njiani. Alikuwa ametarajia kupewa rozari tatu, aondoke zake. Badala yake Padre Wendelin alimwambia kwamba wazo baya kubisha hodi si kosa, kosa ni kulikaribisha na kulipikia. "Kwaresima yote hii, Mama Serafina, mtu akikukera, mtafutie jema lake moja na umshukuru Mungu kwa hilo. Jema la kweli. Usimtungie."

"Na asipokuwa nalo?"

"Endelea kutafuta."

Sasa Serafina alikuwa mtu wa jembe, na jambo lisilo na jembe halikumkaa kichwani. Ulikuwa msimu wa ngolo. Wanaume wa jumuiya walikwisha kumfyekea majani na kuyapanga miraba miraba kwenye mteremko wote. Kazi yake ilikuwa kuchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafukia majani kwenye kingo, shimo libaki katikati; hiyo ndiyo ngolo moja. Juu ya kingo hizo hupandwa maharage, na majani yanayooza chini ndiyo yanayoyalisha. Hivyo ndivyo Wamatengo wanavyolima milima, na hivyo ndivyo Serafina alivyoamua kuifanya toba yake. Kila ngolo atampa mtu mmoja. Akianza kuchimba atalisema kero lake lote, akimaliza kufukia atashukuru. Tena kwa sauti, maana kimoyomoyo alishajaribu, akajikuta anadanganya.

"Marselina," alianza siku ya kwanza, jembe juu. "Amechukua ungo wangu tangu mavuno, anapepetea kana kwamba alizaliwa nao." Akachimba, akafukia, akakuna kichwa. "Lakini nilipougua mgongo, Marselina ndiye aliyenichotea maji wiki mbili. Asante, Mungu." Akaguna. Alikuwa ameyasahau kabisa yale maji.

Akaenda hivyo siku baada ya siku. Tarsisi, mwalimu wa kwaya, ana sauti ya beberu aliyenaswa kwenye uzio, lakini hajawahi kukosa msiba wa mtu. Mwenyekiti wa kitongoji anaongea mpaka ugali unapoa, lakini watoto wanamkimbilia. Na kitu cha ajabu, Serafina alianza kuamka mapema akiwaza amtafute nani leo. Chai ilikuwa na ladha. Jioni moja alijikuta anaimba, akanyamaza kwa aibu, halafu akaona hakuna mtu, akaendelea. Alikuwa na furaha, basi, na hakujua aiweke wapi.

Mraba mmoja tu ulimshinda, wa Ottilia, dada yake Placidi. Siku ya ubatizo wa Asteria, mbele ya wageni wote, wifi huyu alimshukuru Mungu kwamba mtoto hakurithi pua ya bibi yake. Serafina aliusimamia mraba ule mara tatu. Kero lilitoka lote, refu, na nyongeza juu yake kuhusu mdomo wa Ottilia usioweza kukaa na neno. Jema halikutoka. Akauruka, majani yakabaki wazi.

Jumapili ya nne ya Kwaresima, Tarsisi alimsubiri nje ya kanisa.

"Shikamoo, Mama Dorothy. Nashukuru kwa ile ya misiba. Ila beberu, mama, na tena kwenye uzio?"

Serafina aligeuka akatazama bondeni. Shamba lake linatazamana na mteremko wa ng'ambo, katikati kuna kijito tu, na asubuhi bonde lile hubeba sauti hata ya mtu anayekohoa. Alizaliwa humo. Alilijua hilo kama alivyojua jina lake, akalisahau mwezi mzima. Kumbe ng'ambo watu walikuwa wanapalilia kahawa isiyo na jani hata moja la magugu, ili wasikie leo ni zamu ya nani. Na shamba la katikati kabisa kule ni la Ottilia.

Siku tatu hakutoka ndani. Siku ya nne alimwona Marselina anakuja na ungo kichwani, ndani yake viazi, na hakusema lolote ila habari za asubuhi. Serafina akachukua jembe. Kama wanasikia, basi wasikie. Akaenda, si kwenye ule wa Ottilia, bali kwenye mraba ambao hata kuusimamia alikuwa hajathubutu.

"Dorothy, mwanangu," alisema. "Amenipokonya mjukuu kama mtu anayeondoa sahani kabla mgeni hajashiba." Alichimba, akafukia, akaegemea jembe. Akakohoa. "Asante, Mungu, kwa kuwa aliniambia usoni. Mimi mama yangu sikuthubutu kumwambia, na ndiyo maana nimekuwa yeye."

Jumamosi Kuu gari lilisimama barabarani na Dorothy akashuka na mfuko wa dagaa, Asteria mgongoni. Serafina alimbeba mtoto.

"Umejuaje?" aliuliza.

"Shangazi Ottilia alinipigia. Alinieleza yote, neno kwa neno, mpaka pale ulipokohoa. Alisema nisipokuletea mtoto atakuja Lipingo kumchukua mwenyewe."

Serafina akamfunga Asteria mgongoni, akashuka kijitoni, akapanda ng'ambo. Ottilia alikuwa jikoni anachagua maharage.

"Hodi, wifi. Nimekuja kukushukuru. Umenirudishia mjukuu."

Ottilia hakuinua macho. "Yangu mabaya uliyasema mlimani mara tatu. Mbuji yote imeyasikia, na Tarsisi ameyafikisha Kitai. Hili jema moja ndilo unaniletea jikoni kwa kunong'ona?"

Ulimi wa Serafina ulikuwa umekwisha kupanda kwenye meno. Mgongoni Asteria alinyoosha shingo, anautazama mdomo wa bibi yake. Serafina aliushusha ulimi taratibu, akageuka, akashuka tena kile kilima, akapanda cha kwake mpaka shambani, akaufukia ule mraba uliobaki huku jasho linamtiririka. Alipomaliza alisimama akaielekea ng'ambo.

"Asante, Mungu, kwa wifi yangu Ottilia, asiyeweza kukaa na neno. Bila yeye mtoto huyu asingekuwa mgongoni kwangu."

Mtu akaita kutoka kwenye kahawa ya ng'ambo.

"Ongeza sauti, wifi. Wa juu hawajasikia."

Serafina akavuta pumzi, akaongeza.