Shingo iliyonata kifuani: tulivyompata daktari wa kushona ngozi hukuhuku Iramba, enzi za Mwingereza

Wakuu, habari za humu. Vijana mnaoniamkia, marahaba.

Juzi kuna mwenzetu kauliza atampata wapi plastic surgeon karibu na Singida, mtoto wa dada yake kaungua na maji ya moto. Majibu aliyopewa yote ni pua na makalio. Nilicheka kidogo, halafu nikaumia. Leo bibi yenu naandika, na chumvi sitii hata punje.

Kwetu ni upande wa Nduguti. Siku hizi mnasema Mkalama, zamani zile yote ilikuwa Iramba tu. Mwingereza bado yupo.

Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kutembea nilipoangukia motoni. Mama yuko shambani, nimeachwa na bibi mzaa baba. Nilipakwa mafuta ya kondoo, nikapona kwa rehema za Mungu. Lakini kidonda kilipofunga, ngozi ya shingo ilijikunja ikavuta kidevu mpaka kikanata kifuani.

Nikakua hivyo, natazama chini.

Watu niliwajua kwa miguu. Baba ni katambuga zake za tairi. Bibi ni nyufa za visigino. Mama ni kidole gumba alichojikata na jembe, kucha ikaota nusu. Nikijitahidi sana kuinua macho, yanaishia viunoni mwa watu.

Maji siwezi kubeba kichwani, nafungiwa kibuyu mgongoni kama mtoto. Uwele ukikomaa tunapelekwa kuamia ndege, wenzangu wanawaona, mimi nasikia kelele tu. Narusha donge la udongo kule kelele inakotokea. Wakati mwingine nilimpata ndege, mara nyingi nilimpata kaka yangu Elieza.

Sasa sikieni kichekesho chenyewe. Kijijini nilisifiwa!

Wageni wakija nawaamkia nimeinama, wanasema huyu binti kafundwa, ana adabu, hakodolei watu wazima macho. Mzee mmoja jirani akaanza kuleta maneno kwamba nikikua niolewe na mwanawe. Bibi akawa anatamba nami. Nyumba nzima ikawa kama imesahau kuwa ile haikuwa adabu, ulikuwa moto.

Mama peke yake hakusahau. Maana ndiye aliyeniosha ile mikunjo ya shingo, ambayo jasho liliichubua kila kiangazi, nami nikilia.

Mjomba alikuwa akifanya kazi ya reli kule Itigi. Alipokuja likizo mama akamuuliza. Akasema madaktari wa kushona ngozi wako Ulaya, labda na Dar es Salaam, tena uza ng'ombe kwanza.

Ikafika siku ya mnada. Mama kaenda kuuza karanga. Akamwona mwanamume ananunua chumvi, mkono wake una ngozi ya kuungua, mama anaijua vizuri ngozi ile. Ila vidole vinafanya kazi! Vinahesabu, vinashika, vinafunga fundo.

Mama akaudaka ule mkono.

Wakuu, mkumbuke ni enzi gani hizo. Mke wa mtu, katikati ya mnada, kamshika mkono mwanamume asiyemjua, anakunjua vidole vyake kimoja kimoja na kugeuza kiganja. Habari ilifika nyumbani kabla yake. Baba akamsubiri uani amesimama.

"Mama Elieza, nasikia leo umepata mume mnadani."

"Nimepata daktari," mama akajibu, akatua kapu lake.

Yule bwana aliungua akichoma pori la shamba, vidole vikagandana. Aliyevitenganisha ni Mzungu wa hospitali ya misheni, mwendo wa siku moja kutoka kwetu. Sote tulikuwa tukimsikia, lakini tulimjua kama daktari wa ngiri na wa uzazi. Kumbe wakati wa vita alikuwa akishona askari walioungua. Watu wa kijijini hawakujua kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza. Tulitaka kuuza ng'ombe tukamtafute Dar, mtu tuko naye jirani.

Bibi akakataa katakata.

"Mtoto wa kike anyooshe shingo kama jogoo ili iweje? Ataolewa na nani? Mwacheni alivyo."

Baba akabaki katikati, mama yake huku, mke wake kule. Mama akampigia bibi magoti. "Mama, nitakutii kwa kila jambo. Hili niachie." Alfajiri tukaondoka, na katambuga za baba zikatangulia mbele.

Hospitalini nilikutana na viatu vya kahawia, kimoja kamba yake nyeusi. Mwenye viatu anasema lugha yetu kwa kuivunjavunja. Akajaribu kuniinua kidevu taratibu, hakikwenda. Viatu vikarudi nyuma. Nikaona magoti, kisha nikaona mtu mzima, koti jeupe na yote, analala chali sakafuni ili aone uso wangu.

Miwani, masharubu mekundu, anatabasamu.

Nikamwambia shikamoo, mtu kalala chini! Nikacheka. Mbali na mama, hakuna mkubwa aliyewahi kushuka chini kunitazama.

Hakutudanganya. Alisema yeye si bingwa wa ngozi. Alisema mtu mwenye shingo iliyojikunja vile halazwi usingizi ovyo, pumzi inaweza kuziba. Kwa hiyo atanichoma ganzi, aikate ile ngozi nikiwa macho, shingo ikishaachia ndipo anilaze. Halafu atatoa ngozi pajani aweke shingoni.

"Anaweza kufa?" mama akauliza.

"Anaweza."

Baba akatoka nje. Mama akanishika goti. Kisha akasema, "Fanya."

Sitaelezea kisu. Niseme tu kwamba paja liliuma kuliko shingo, jambo ambalo hakuna anayekuambia. Nikavalishwa kola ya plasta, nalala bila mto, blanketi limekunjwa chini ya mabega, kichwa kinaning'inia nyuma. Miezi! Nikilia nivuliwe, mama anasema, "Ikivuliwa itarudi kule ilikotoka." Yeye alilala chini ya kitanda changu.

Tukarudi nyumbani, balaa jipya. Na ile kola siwezi kuinama hata nikitaka. Naamkia wazee kidevu juu. Yule mzee jirani akasema mtoto kaharibiwa na Wazungu, ana kiburi, akaondoa maneno yake. Nashukuru, mwanawe alikuja kuwa mlevi wa kutupwa.

Kilichoniuma ni bibi. Hakunisema, ila alikuwa akipita pembeni yangu uso kageuzia ukutani. Nikajua ananichukia.

Uwele ukakomaa, kola imeshavuliwa. Nikapelekwa kuamia ndege.

Wakaja. Wakuu, mimi nilikuwa nawajua ndege kwa kelele, nikidhani ni kama kuku wa pale uani. Kundi likapanda, likageuka lote kwa pamoja, likashuka, likapanda tena. Donge la udongo liko mkononi, nimelisahau. Nimesimama mdomo wazi na wao wanakula.

Bibi akaja mbio na fimbo, anafoka toka mbali. Nikamgeukia.

"Bibi, kumbe ni wengi hivi!"

Akasimama. Akatazama juu, kisha akanitazama mimi usoni, kwa mara ya kwanza tangu nirudi. Fimbo ikamtoka. Akakaa pale pale chini.

"Siku ile ya moto niligeukia kuni tu," akasema. "Kuni tu, mjukuu wangu."

Ndipo nikaelewa. Miaka yote ile hakuwa akitetea adabu. Nilipokuwa nimeinama, alikuwa hauoni uso wangu.

Nikataka kukimbilia ndege, akanishika nguo. "Waache wale. Leo waache."

Kwa hiyo, uliyeuliza: usiishie kwenye Google. Tafuta aliyetibiwa akapona, umshike mkono umuulize. Uliza hospitali iliyo karibu nawe, na kama hawawezi, watakuelekeza. Mpeleke mtoto mapema, kovu halijavuta. Akivalishwa kola asiivue hata akulilie vipi.

Wenye yaliyowakuta na madaktari mnaowajua, mwageni hapa chini tumsaidie mwenzetu. Na kama nyumbani kwako kuna mtoto anasifiwa kwa kuinamisha kichwa, leo hebu lala sakafuni umtazame uso.